Mizani ya tumbaku iliyookoa mbegu zangu za ng'ombe

Wanaonikera ni washauri ambao hawajawahi hata kufungua mtungi wa naitrojeni, kimiminika baridi mno kinachotunza mbegu zilizogandishwa. Mzigo wa naitrojeni ulipokwama njiani, mtungi wangu hapa Uyui, Tabora, ukazidi kupungua, na ndani kuna mirija ya mbegu bora za madume kutoka kituo cha uhimilishaji (kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila dume) cha Usa River, Arusha. Mwenzangu akaniambia, "Bwana mifugo, hamishia kwenye friza la dukani, si baridi ni baridi tu?"

Hapana! Friza ni nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Naitrojeni ya maji ni 196 chini. Mbegu ikishapanda juu ya nyuzi 130 chini ya sifuri, chembe za barafu huanza kukua upya na kuzichana seli. Ukiirudisha kwenye mtungi, unahifadhi maiti. Gliseroli, kimiminika kizito kinachochanganywa na mbegu, ambayo mtafiti Christopher Polge na wenzake waligundua faida yake London mwaka 1949, na ambayo baadaye ilisaidia kugandisha hata damu ya binadamu, huikinga mbegu inapoganda. Haiwezi kuikinga na friza la soda.

Mwingine akasema nikaze kifuniko kwa mpira, gesi isitoroke. Lita moja ya naitrojeni hutoa karibu lita 700 za gesi. Mtungi usipopumua, unalipuka.

Mimi nilichohitaji ni kujua kimebaki kiasi gani bila kufungua ovyo, maana kila ukifungua unakaribisha joto. Huku kwetu mizani ya tumbaku haikosi. Nikaupeleka mtungi kwa mzee wa chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa tumbaku.

"Shikamoo mzee, naomba unipimie huu."

"Marahaba. Sasa hii nayo daraja la ngapi?"

Lita moja ya naitrojeni ya maji ina uzito wa gramu 800 hivi, kwa hiyo kila asubuhi mizani iliniambia imepotea kiasi gani. Nilihakikisha kwa kijiti kikavu cha mbao: unakizamisha hadi chini, unakitoa, unakipunga hewani, na weupe wa barafu unaishia pale naitrojeni ilipofika. Usitumie bomba lenye tundu, litakurushia usoni.

Mafuta ya gari na posho ya dereva vilinikamua kweli, lakini mzigo ulifika mirija ikiwa bado imezama. Nikayeyusha mmoja kwenye maji ya nyuzi 37 kwa nusu dakika, nikaukausha vizuri, tone likaenda kwenye hadubini. Zilikuwa zinaogelea! Jioni hiyohiyo nilimpandisha ng'ombe aliyeonyesha dalili za kutaka dume asubuhi, na sasa ana mimba.

Ukisafirisha mtungi, shusha vioo vya gari. Naitrojeni haina harufu, na hufukuza oksijeni.