Ubwiri unga kwenye asta: jinsi nilivyoumaliza
Majani ya chini ya asta zangu (maua ya bustani) yalipakaa unga mweupe wa ukungu huu, yakajikunja, yakakauka wiki chache kabla ya maua. Chanzo: mizizi yenye kiu na kichaka kilichosongamana, hewa haipiti.

Majira ya kuchipua niliking'oa kichaka, nikatupa kitovu kilichogeuka kuni, nikapanda vipande vya pembeni vyenye machipukizi 3 hadi 5, kwa nafasi ya sentimita 50. Mboji sentimita 5, isiguse mashina. Maji humwagwa shinani. Rudia kugawa kila baada ya miaka 3.

Dawa ya kupulizia haikuhitajika. Aina ya asta iitwayo Symphyotrichum novi-belgii ndiyo inayoshambuliwa zaidi. Kama bustani yako hukauka upesi, panda aina nyingine, Symphyotrichum novae-angliae, kwa kweli ni stahimilivu zaidi.