Usiku tuliobishania goli la Oleksy

Jumatatu ile ya tarehe 27 Februari 2023 watu walijaa kwa Mangi kwa ajili ya Messi na Mbappé. Moto wa fainali ya Qatar ulikuwa haujapoa, FIFA wanatoa tuzo zao Paris, kwa saa zetu ni saa tano usiku, na kijiwe chetu cha Mbagala kimegawanyika vipande viwili hata kuazimana kiberiti hamna. Mangi alikuwa kaunganisha simu na TV, bando tumechangishana, picha inagandaganda na kila ikiganda mtu mmoja anatukanwa bila kosa.

Mi nilikaa karibu na mlango, magongo chini ya benchi, na golikipa wetu ubavuni kwangu. Golikipa ana mkono mmoja, na kwenye soka letu la watu waliokatwa viungo ndo sifa yenyewe hiyo, yani wa ndani sita wote mguu mmoja na magongo, kipa mkono mmoja na haruhusiwi kutoka kwenye boksi lake. Mguu wa bandia unauacha nje ya uwanja. Gongo likigusa mpira makusudi umenawa. Kila kipindi dakika 25, na ukizimaliza hata kikombe cha chai kinakutetemekea mkononi, watu wanadhani tunachoka mguu, wapi, ni viganja na mabega.

Sisi wawili tulifuata tuzo ya Puskás, ile ya goli bora la mwaka. Walibaki watatu: Payet, Richarlison na lile alilowafunga Serbia kwenye Kombe la Dunia, na Mpolandi anaitwa Marcin Oleksy wa Warta Poznań, mtu wa mguu mmoja kama mimi. Ye alipoteza mguu 2010 akiwa kazini kwenye ujenzi wa barabara, gari likawavamia. Wangu uliondoka na bodaboda Kilwa Road.

Sasa nisiwafiche, nilikuwa na wasiwasi mwingi moyoni na sababu yake naijua. Mwaka mmoja kabla ya hapo kampuni moja ilituandalia bonanza, tukacheza jua la saa nane, nikafunga mawili na la pili lilikuwa zuri kweli, shuti la mbali hadi kona ya juu. Mwisho MC akachukua maiki, "makofi kwa ndugu zetu hawa jamani, wametutia moyo!" Tukaitwa mmoja mmoja tukapewa vyeti, vyote vinafanana, timu iliyoshinda na iliyofungwa, mpaka dogo mmoja wa sub ambaye hakuingia kabisa alipewa kilekile nilichopewa mimi mfungaji. Na unga kilo tano na sabuni za mche. Unga tuliula, sina uongo, nyumbani walifurahi. Ila hakuna hata mmoja kati ya wale waliovaa tisheti za kampuni aliyeniuliza habari ya lile goli, wala nadhani hawakuliona, walikuwa wanapiga picha na magongo. Kwa hiyo nikawa nawaza, huyu Mpolandi naye anaenda kupewa unga wake Paris.

Wakaonyesha magoli. La Payet watu wakaguna kwa heshima. La Richarlison kijiwe kizima "aaah hili ndo lenyewe", kaudokoa kwanza ukapanda, kajigeuza hewani kapiga. Afu likaja la Oleksy. Krosi imekuja juu, jamaa kajirusha na magongo yake, kaupiga hewani tiktaka, wavu. Kukawa kimya kidogo, afu mtu akasema "rudisha hiyo", kama vile Mangi anaweza kurudisha matangazo ya FIFA.

Ngoja niwaeleze kitu ambacho mwenye miguu miwili hakioni haraka pale. Tiktaka ya kawaida mguu mmoja unatangulia kupanda unakupa msukumo, wa pili ndo unapiga. Oleksy wa kutangulia hana. Mguu ule ule anaosimamia ndo ule ule wa kupigia, kwa hiyo kupaa kote kule kunatoka mikononi, unachomeka magongo chini na kujisukuma, na muda unataka uwe umeshaukadiria mpira kabla haujafika maana ukishapaa huna cha kurekebishia. Halafu kuna kushuka. Mikono iko ndani ya pete za magongo, huwezi kutanguliza kiganja, unashuka na ubavu au bega. Nilishawahi kulijaribu kwenye mchanga, mchanga mlaini kabisa, na wiki nzima nilikuwa nalala upande mmoja.

Wakatangaza: Oleksy. Mlemavu wa kwanza kuichukua tuzo hiyo tangu ilipoanza 2009, mwaka ule Ronaldo alipokuwa wa kwanza kabisa kuibeba. Golikipa wangu alipiga kelele mpaka mke wa Mangi akachungulia dirishani.

Kijana mmoja wa bodaboda, shabiki wa Brazil, akasema bila kuficha, "hapo wametoa kwa huruma tu." Nikamgeukia. Nilijiandaa kukasirika ila kabla sijafungua mdomo mwingine akamjibu, "huruma gani, we unaweza?" Wa tatu akaingia, sikilizeni, kwani kipa wao si haruhusiwi kutoka kwenye boksi? Basi goli limerahisishwa, kipa angetoka angeikamata ile krosi. Hapo golikipa wangu akasimama! Akawaambia goli lenyewe dogo, upana mita tano tu, kipa hana haja ya kutoka, na kama ni rahisi aje Jumamosi amletee za juu aone. Yule shabiki wa Brazil akasema sawa lakini la Richarlison ni World Cup, presha yake si sawa na ligi ya Poland. Na hapo mi nikakaa kimya kwa sababu ana pointi. Kweli ana pointi. Ningepewa kura sijui ningempa nani, na kura zenyewe mashabiki wamo, huwezi kusema hakuna hata mmoja aliyepiga kwa kuguswa.

Ila nilikuwa nasikiliza kwa raha ambayo sijawahi kuipata kijiweni. Wanabishana kasi ya krosi, kipa alisimama wapi, beki kwa nini hakumbana. Walikuwa wananiuliza mimi vitu, "eti kaka, pale gongo halikugusa mpira?" Hata Tembo Warriors, timu ya taifa ya Tanzania ya soka letu hili, walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia letu kule Istanbul, Oktoba 2022, pale kwa Mangi walisema hongereni tukarudi kwenye Simba na Yanga, hakuna aliyeuliza magoli yalifungwaje.

Messi akapewa yake, upande wa Mbappé ukanuna, bando likaisha katikati ya hotuba. Tukaondoka na golikipa taratibu, njia ina mashimo na magongo yangu mipira yake ya chini imekwisha. Nikamwambia Jumamosi baada ya mazoezi anirushie krosi kama kumi za juu. Akasema atarusha hata ishirini, ila hela ya dawa ya kuchua nitoe mwenyewe.