Nilivyopanda Telegrafenberg kutafuta etha

Shemeji, mume wa dada yangu, anaishi Berlin mwaka wa kumi sasa. Nilipomwomba anipeleke Potsdam alifurahi, akidhani nataka kupigwa picha kwenye bustani za Sanssouci kama wageni wote. Nikamwambia hapana, kuna jengo kilimani, na chini ya jengo hilo kuna chumba ambamo mwaka 1881 kijana mmoja kutoka Marekani alitafuta kitu akakikosa.

"Alikikosa?"

"Alikikosa."

"Sasa shemeji, sisi tunakwenda kuangalia nini?"

Nafundisha fizikia sekondari, Tanga, kwa Kiingereza cha vitabuni na Kiswahili cha kueleweshana. Siku moja, kidato cha tatu, nilikuwa kwenye mawimbi. Sauti inapita hewani, nikasema, wimbi la bahari linapita majini. Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na mwanga wa jua mpaka kutufikia unapita kwenye nini?" Nikamjibu hauhitaji kitu. Kengele ikalia, ikaniokoa. Jibu lilikuwa sahihi, lakini niliona usoni mwake kwamba halikumwingia, na alikuwa na haki. Wakubwa wa fizikia wa karne ya 19 nao lisingewaingia. Kwao wimbi bila kitu cha kulibeba lilikuwa kama tetemeko bila ardhi. Wakasema basi anga lote limejaa kitu kisichoonekana, wakakiita etha. Kitu chenyewe kilikuwa cha ajabu: kiwe chepesi hata sayari zipite ndani yake bila kuzuiwa, na hapo hapo kiwe kigumu kama chuma, maana mtikisiko wa pembeni kama wa mwanga hausafiri ndani ya kitu cha majimaji.

Tukapanda treni ya S7. Ilichelewa, tukasimama Wannsee muda ambao hakuna aliyetueleza sababu yake. Ilipoondoka tena, kahawa ya shemeji ilianza kufanya vijiduara ndani ya kikombe, nikamwambia mitikisiko kama hiyo ndiyo iliyomfukuza Michelson, yule kijana wa Marekani, kutoka Berlin.

Albert Michelson alikuwa na miaka 28, ofisa wa jeshi la majini aliyekuja Berlin kusoma kwa mwanafizikia Helmholtz. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema: kama etha imetulia na dunia inalizunguka jua kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, basi lazima kuwe na upepo wa etha unaotupiga, kama unavyopigwa na upepo usoni ukiwa juu ya bodaboda siku ambayo hata jani halitikisiki. Fedha za kutengeneza chombo alipewa na Alexander Graham Bell, yule wa simu. Akakifunga Berlin juu ya nguzo ya mawe, lakini mitikisiko ya mji haikumpa nafasi hata usiku wa manane. Ndipo akahamia Potsdam.

Kutoka stesheni tulipanda kwa miguu kupitia Albert-Einstein-Straße, barabara ya msituni yenye mwinuko ambao dakika kumi za kwanza ulimnyamazisha shemeji. Kilima kinaitwa Telegrafenberg kwa sababu enzi za Prussia, kuanzia miaka ya 1830, hapo juu palikuwa na mlingoti wenye mikono ya mbao iliyopinda na kunyooka kupeleka habari kutoka Berlin hadi Koblenz. Aliyekuwa kituo cha pili alizisoma kwa darubini.

Jumba lenyewe, la falaki, yaani la kuchunguzia nyota, ni la matofali ya manjano, lina kuba tatu, na siku hizi ni ofisi za watafiti wa tabianchi. Wameliita jina la Michelson. Mlango ulikuwa umefungwa. Ilikuwa Jumamosi, na mimi, mwalimu mzima, sikuwa nimeuliza mapema. Shemeji alinitazama kwa huruma iliyochanganyika na kicheko. Tukakaa kwenye ngazi, ikabidi nimweleze kilichokuwa humo chini.

Nikaanza na Mto Pangani. Chukua mitumbwi miwili, kila mmoja unakwenda kilomita 5 kwa saa, na mkondo wa maji una kilomita 3. Wa kwanza upande mita 400 dhidi ya mkondo kisha urudi: dakika 12 kupanda, 3 kushuka, jumla 15. Wa pili uvuke mita hizo hizo kwenda ng'ambo na kurudi. Lazima uelekeze omo juu kidogo usichukuliwe na maji, lakini unamaliza kwa dakika 12. Umbali mmoja, mkondo mmoja, na hawafiki pamoja. Michelson alifanya hivyo kwa mwanga. Kioo kilichopakwa fedha nyembamba kiliugawa mwali mara mbili, kila nusu ikaenda kwenye mkono wake wa shaba ya manjano wenye urefu wa kama mita moja, ikagonga kioo na kurudi. Zikikutana zinafanya mistari ya mwanga na giza. Ukikizungusha chombo, upepo wa etha ungeisogeza mistari ile. Mikono aliifunika kwa maboksi marefu ya karatasi ili joto lisiipotoshe.

Kuna kitu aliandika mwenyewe ambacho ndicho kilichonitoa Tanga kwa kweli. Hata hapo, kwenye kuta nene za duara zilizobeba darubini kubwa, mtu akipiga mguu barabarani mita kama 100 kutoka jengoni, mistari ilipotea kabisa.

Nikainuka. Nikahesabu hatua mia moja na kidogo kwenye njia ya lami, nikapiga mguu chini kwa nguvu. Mama mmoja aliyekuwa na mbwa akasimama, akaniangalia, akavuka upande wa pili.

"Imetikisika?" shemeji akauliza kwa sauti kutoka kwenye ngazi.

Ya Michelson, mwaka ule wa 1881, mistari haikusogea kiasi cha kuleta habari. Baadaye wenzake wakamwonyesha kwamba hesabu yake ilikuwa na kosa, upepo ungetoa nusu tu ya alichotarajia, kwa hiyo mwaka 1887 alirudia huko Cleveland pamoja na Edward Morley. Safari hii jiwe zima lililobeba chombo lilielea juu ya zebaki na mwanga ulirudishwa huku na huku mpaka njia ikafika mita 11. Walitarajia mistari isogee sehemu 0.4 ya upana wa mstari. Haikufika hata sehemu ya 20 ya hiyo. Mwaka 1905 Einstein akaandika kwamba etha haihitajiki, wakati Michelson, mpaka uzeeni, hakuacha kuisikitikia.

Hatua chache ndani ya msitu umesimama mnara mweupe wa Einstein, wa miaka ya 1920, umeviringwa kama sabuni iliyotumika. Ulijengwa kupima nadharia za mtu aliyeiondoa etha, karibu kabisa na chumba ilikokosekana. Nikaenda pia kwenye kuba ya darubini kubwa ya mwaka 1899, nikamwambia shemeji kwamba kwa darubini hiyo, mwaka 1904, Johannes Hartmann aligundua kalisi (calcium) kwenye nafasi iliyo kati ya nyota na nyota, gesi nyembamba mno.

"Ngoja. Kwa hiyo kuna kitu au hakuna kitu?"

"Kipo. Ila mwanga hauna shida nacho."

Akanyamaza mpaka stesheni. Kwenye treni nilimtumia yule kijana wa dawati la nyuma picha ya ule mlango. Siku hizi ni fundi wa minara ya simu Dodoma. Jibu likaja tukiwa bado Babelsberg: "Mwalimu, shikamoo. Mbona ni mlango tu?" Nikaanza kuandika, nikafuta, nikampigia.