Nilivyomwandikia mwenzangu wa Bunge taazia ya dakika tano

Kila msemaji alipewa dakika tano za kumkumbuka marehemu katika Bunge letu la Kaunti ya Lamu, na zamu ya kwanza ikaniangukia mimi. Kwa Kiswahili cha kutua, mbele ya maikrofoni, dakika tano ni maneno 450 hadi 500. Niliandika 430. Vicheko navyo hula muda, na kumtaja mzee wetu huyu bila watu kucheka hakuwezekani. Fatiha nilimwomba karani isomwe kabla saa haijaanza kuhesabu.

Nilianza na miaka, maana hapo ndipo taazia nyingi za wanasiasa huharibika. Kila mtu barazani alisema "miaka 30 mfululizo". Si kweli. Aliingia udiwani Desemba 1992 katika lile Baraza la zamani, akaanguka 1997, akarudi 2002, na hakutoka tena hadi mauti. Mwaka 2013 ugatuzi ulipoanza akavuka kutoka diwani kuwa mwakilishi wadi. Ile mitano ya nje sikuificha. Ndiyo iliyomfundisha kusikiliza, na waliompigia kura ya hapana walikuwa wamekaa nyuma yangu.

La pili ni sifa za kazi. Nililetewa karatasi inayosema kwamba yeye "aliwaletea" wavuvi fidia ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Hukumu ile ya 2018, shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600, ilitolewa na Mahakama Kuu ya Malindi katika kesi ya wenyeji wenyewe. Kumvika marehemu taji la watu ni kumtafutia lawama kaburini. Niliandika tu alichofanya: aliinuka mara kwa mara kuuliza fedha zimefika wapi. Hilo limo katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, na Hansadi haibishaniwi.

Vituko vyake sasa. Nilikuwa navyo kumi na saba, nikabakisha kimoja. Kipimo changu: kiwe na mashahidi, kisimguse asiyekuwepo, na wanawe waweze kukicheka. Mwanawe mkubwa aliponisomea rasimu alisema, "Ami, usimfanye babangu walii. Atakucheka huko aliko." Basi nikabakisha kile cha siku aliyochelewa kutoka Faza, mji wa kisiwani, suruali imelowa magotini: aligonga bakora mara mbili, akasimama kwa hoja ya nidhamu, akaomba saa ya maji kupwa iandikwe kuwa ndiyo sababu yake. Nilikiweka dakika ya tatu. Mwanzoni watu bado wana kilio kooni na kicheko hukwama. Mwishoni wataondoka na kichekesho wamsahau mtu. Baada ya kicheko nyamaza, hesabu hadi tano kimoyomoyo, la sivyo sentensi inayofuata inapotea.

Kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa tenzi, nilifunga kwa ubeti mmoja. Mmoja tu, ukisoma kumi unajionyesha wewe.

Kiti chake kinaita
mwenyewe ameshapita
bakora aliyokita
bado inatusemea

Kila kipande mizani nane, vitatu vya kwanza vikiwa na vina sawa. Rasimu ilikuwa na "na bakora aliyokita", mizani tisa. Kwingine ingepita, lakini Lamu hata muuza halua angeinua uso.

Msikilizaji niliyemwandikia hasa hakuwemo ukumbini. Mjane yuko eda ya kukaa nyumbani, miezi minne na siku kumi, na taazia ingemfikia kwa rekodi ya simu. Kwa hiyo nilifuta jina la utani ambalo nyumbani halikupendwa, nikafuta pia kila neno la chama. Simu niliilaza juu ya leso iliyokunjwa mara nne, kwa sababu sisi hushangilia kwa kupiga meza, na simu ikilazwa juu ya mbao tupu kila kiganja husikika kama radi.