Nimekaribishwa kama mgeni kwenye kiwanja changu

"Karibu mama, unamtafuta nani?"

Aliyeniuliza hivyo Jumamosi ni mzee mmoja mstaafu, mpole, amekaa kwenye baraza la nyumba yake. Nyumba yenyewe imesimama juu ya kiwanja changu cha Kibada, Kigamboni, jijini Dar es Salaam. Nilishindwa kumjibu. Nilikuwa natazama mwembe uliopo pembeni, karibu na bikoni, lile jiwe la mpaka wa kiwanja. Niliupanda kwa mkono wangu.

Nilipoondoka kwenda Muscat mwaka 2012, Kigamboni ile mnaikumbuka. Foleni ya pantoni pale Magogoni, jua la utosi, daladala, halafu unakata nyasi kwa miguu. Kiwanja kilitoka kwenye mradi wa serikali wa viwanja 20,000, kimepimwa na kina hati miliki. Watu waliniambia nimenunua pori. Mwaka 2016 daraja la Kigamboni likafunguliwa, na pori likawa mali.

Siku mbili kabla ya ndege, kaka yangu alinipeleka kwa wakili. Hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kumruhusu mtu afanye mambo kwa niaba yako, ilikuwa ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Wakili alinieleza kwa kifupi: kaka atakusimamia mambo yako. Nikatoa picha za pasipoti, nikatia saini, mhuri ukagongwa. Hati miliki nikamwachia kaka pia, kwa sababu ningemwachia nani mwingine? Ni tumbo moja.

Juzi nimeisoma ile karatasi kwa mara ya kwanza, mstari kwa mstari, na mwanasheria pembeni. Kulipa kodi ya ardhi, imo. Kukodisha, imo. Kuweka rehani, imo. Kuuza, imo. Haina mwisho wa muda. Mzee yule alinunua kwa kaka mwaka 2017, akalipa, uhamisho ukasajiliwa, na jina lililomo kwenye hati miliki leo ni lake. Hakuna saini ya kughushi hata moja. Nilikuja nimejiandaa kupambana na tapeli, nikakuta saini yangu mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mimi na kaka tuligombana mwaka 2015 kwa ajili ya hela za matofali. Tangu hapo nikawa natuma kila kitu kwa mdogo wangu wa kike, na moyoni nikajua kaka si msimamizi wangu tena. Ukoo mzima ulijua. Shangazi alijua, hata majirani walijua. Msajili wa hati hakujua. Karatasi haisikii ugomvi wa ndugu. Ili ife, nilitakiwa kuandika hati ya kuitengua, kaka apewe nakala, na kama ile ya kwanza ilisajiliwa, hii ya kutengua ifuate hukohuko kwa msajili. Ningeweza kuisaini Muscat, ubalozini kwetu, asubuhi moja ya mapumziko. Miaka miwili nzima nilipita karibu na ubalozi nikienda sokoni.

Mlio njiani kwenda Oman, Uingereza, popote, msisaini hati ya "mambo yote". Andika kazi moja moja: kulipa kodi ya ardhi, kusimamia ujenzi, kupokea pango. Kama hutaki kiuzwe, iandikwe waziwazi kwamba hana ruhusa ya kuuza wala kuweka rehani. Weka tarehe ya mwisho. Mwambie wakili aisome kwa Kiswahili, na akionekana ana haraka, tafuta mwingine. Hati miliki ikae kwa mtu tofauti na mwakilishi. Najua wazee watasema unamdharau ndugu yako. Waache waseme.

Mzee alinikalisha, mkewe akaniletea maji. Nilipomweleza, alinyamaza muda mrefu, kisha akaingia ndani akaniletea mfuko wa maembe ya ule mwembe. Sikumchukia. Hela yake ya kiinua mgongo imo kwenye zile kuta.

Narudi Muscat mwezi ujao, mkataba wangu haujaisha. Jumatatu nina miadi na wakili pamoja na mdogo wangu, kwa ajili ya chumba cha mama na duka. Hati ya uwakilishi safari hii ni ya kurasa tatu, ya mwaka mmoja, na mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyesema neno "kuuza" lifutwe. Kaka bado hajapokea simu yangu.