Ubao Wenye Matundu ya Jana

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kazi ya kusanifu samani huanzia kwenye karatasi: unachora kiti, unaandika vipimo, kisha ndipo unatafuta mbao za kukidhi mchoro wako. Nilipoanza kutumia mbao za paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo, na vipande vya milango mikuukuu, utaratibu huo ulipinduka, kwa sababu ubao uliokwisha kutumika huja na urefu wake, nyufa zake na matundu yake ya misumari, na msanifu asiyeyachunguza hayo mapema atayakuta baadaye, mahali asipoyatarajia.

Mimi niliyakuta kwenye mguu wa benchi. Nilikuwa nimeziba matundu matatu ya zamani kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, nikapiga msasa mpaka yakatoweka kabisa, nikajisifu moyoni. Siku watu watatu walipoketi pamoja, mguu ulipasuka toka juu hadi chini, na ufa ule ulipita katikati ya matundu yote matatu kana kwamba umechorwa kwa rula. Kumbe nilichokuwa nimeziba ni sura tu. Nyuzi za mti zilikuwa zimekatika siku nyingi, na matundu yaliyopangana kwenye mstari mmoja ni njia ambayo ufa hauhitaji kutafutiwa.

Tangu hapo kazi yangu huanza kwa kukagua. Paleti zinazosafirishwa kutoka nchi hadi nchi hugongwa muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wasisafiri na mbao, na muhuri huo ndio kitu cha kwanza ninachokitafuta. Herufi HT humaanisha kwamba mbao zilipashwa moto hadi kiini chake kikafikia nyuzi joto 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, ilhali MB humaanisha kwamba zilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni gesi ya sumu. Zenye MB siziingizi ndani ya nyumba hata ziwe nzuri namna gani. Muhuri, hata hivyo, hauelezi kilichomwagikia paleti ikiwa safarini. Kwa hilo nategemea macho na pua, na ubao wenye doa la mafuta au harufu nisiyoielewa huuacha ulipo.

Kubomoa nako kuna adabu yake. Misumari ya paleti mara nyingi huwa na mikunjo kama ya skrubu ili isichomoke, kwa hiyo ukiing'oa kwa mtaimbo utapasua ubao kabla ya kuupata. Mimi hupenyeza msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo lake, nikaukata msumari na kukiacha kichwa chake humo humo, kisha hupitisha sumaku juu ya kila kipande kabla ya kugusa randa. (Makali ya randa yangu ya kwanza yana pengo linalonikumbusha kwa nini.)

Mbao za juu za paleti ya Ulaya, ile ya milimita 1200 kwa 800, zina unene wa milimita 22, na zikishapigwa randa pande zote mbili hubaki kama 18 hivi. Ubao wa 18 peke yake haufai kuwa mguu, na hapo ndipo udhaifu wenyewe ulipoleta umbo: nagundisha tabaka tatu, nikihakikisha kwamba matundu ya tabaka moja hayakutani na ya jirani yake, nalo tabaka la kati nalikata fupi kwa upande wa juu. Upungufu huo huacha mfereji ambamo upau wa kubeba mbao za kukalia huingia na kukaa sawasawa, bila mimi kushika patasi, na bolti moja hupita kuufunga. Mguu wa milimita 54 unatosha kabisa, na sikuuchora popote kabla ya kuuona mezani.

Wazo la kuuacha ubao useme asili yake si geni. Gerrit Rietveld, msanifu wa Uholanzi, alitengeneza kiti cha mbao za makasha ya kupakia bidhaa mwaka 1934, na Mholanzi mwenzake Piet Hein Eek akaonyesha kabati la mabaki ya mbao alipohitimu masomo mwaka 1990. Kwa upande wa plastiki, Emeco, kampuni ya samani ya Marekani, ilitoa mwaka 2010 kiti kinachotumia chupa zisizopungua 111. Hesabu hiyo inavutia, lakini plastiki yake imechanganywa na nyuzi za kioo ili ipate nguvu, na mchanganyiko wa namna hiyo hautenganishwi kwa urahisi. Swali ninaloliuliza mimi kwa kiti chochote ni kama sehemu moja ikivunjika inaweza kutolewa bila kuharibu nyingine, na ndiyo maana gundi naitumia ndani ya mguu tu, penye mti na mti, huku viungo vyote vingine vikifungwa kwa bolti na nati.

Benchi la pili bado linatumika. Mwezi uliopita ubao mmoja wa kukalia ulipasuka penye kifundo. Nilifungua bolti nne, nikaweka mwingine uliotoka kwenye mlango uliokuwa wa kijani, na rangi iliyobaki kwenye mashimo yake sikuikwangua.