Aliposema "Mama" jukwaani

Jana jioni huyu mdogo karudi na karatasi imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa sketi, beti mbili za kukariri kwa ajili ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na kabla hata hajavua viatu akaniuliza, "Mama, kaka naye alishawahi kusahau maneno mbele ya watu?" Nikamwambia kaoge kwanza. Nikabaki nimeishika ile karatasi, maana hajui ameuliza nini.

Ni mwaka ule wa programu ya kujifunza Kichina. Kaka mtu alikuwa na miaka tisa, mimi bado niko kwenye ile kazi ya zamu, na kwa wiki tatu nzima nyumbani ilikuwa ma, ma, ma kuanzia asubuhi mpaka anaingia kitandani. Mwalimu wao aliwaeleza kwamba Kichina kina toni nne, silabi ni ileile ila sauti ndiyo inabeba maana: mā inakaa juu imenyooka, huyo ni mama; má inapanda kama mtu anayeuliza "ee?", hiyo ni katani ya kusokotea kamba, mǎ inashuka halafu inainuka tena, farasi, mà inadondoka kwa mkato, ni kufokea. Mimi kichwani haikuingia kabisa mpaka siku naosha vyombo nikakumbuka barabara yetu, kwamba kuna ba-ra-BA-ra ya magari na kuna ba-RA-ba-ra ya kusema sawasawa, herufi zilezile. Nikamwita nikamwambia, unaona, sisi ni mkazo na wao ni toni, lakini sikio ni lilelile la kusikiliza sauti imelalia wapi. Akafurahi sana, akawa anazunguka sebuleni kidole hewani anachora toni, juu, kupanda, bonde, chini. Sentensi yake ilikuwa moja tu, ile ya kukunja ulimi: māma qí mǎ, mǎ màn, māma mà mǎ. Mama anapanda farasi, farasi anaenda taratibu, mama anamfokea farasi.

Siku yenyewe, 20 Aprili, ambayo Umoja wa Mataifa wameitenga kuwa Siku ya Lugha ya Kichina, niifupishe tu: ruhusa nilipewa kwa kubembeleza, shati jekundu nililipiga pasi alfajiri giza bado, nilifika wimbo wa kwanza umeshaisha nikakaa safu ya nne karibu na spika.

Akaingia. Maiki ilikuwa juu mno kwake, mwalimu akaja akaishusha, ikatoa mlio, watu wakaziba masikio. Kifungo cha juu cha shati alikuwa amekifunga mwenyewe mpaka shingo imebanwa, naona ngozi imekunjamana pale. Akainua kidole. "Māma."

Halafu kimya.

Kidole kilikuwa bado kimenyooka hewani kwenye toni ya kwanza, hakishuki, hakipandi, mkono mwingine umeshika ukingo wa shati unaukunja na kuukunjua. Nikawa nasema moyoni qí mǎ, qí mǎ, kama vile ataisikia kutoka nilipokaa. Macho yake yakaanza kupita kwenye viti, safu ya kwanza, ya pili, yanatafuta. Ukumbini mtu akakohoa. Akasema tena, taratibu zaidi, "Mama."

Na hapo ndipo nashindwa mpaka leo, kwa sababu neno ni moja. Kwao mama ni māma, kwetu mama ni mama, na ile ya pili mimi sikuisikia na toni yoyote ya Kichina, niliisikia kama anavyoita usiku akiwa na homa. Nikasimama kabla sijafikiri. Nikasema, "Nipo baba."

Watu waligeuka wote. Yeye akaniona, kifua kikashuka, kidole kikaanza kutembea na sentensi nzima ikatoka, farasi na kila kitu, na kwenye ile mà kidole kilishuka kwa nguvu mpaka kikagonga maiki. Walipiga makofi sana. Mimi sikupiga, mikono ilikuwa inatetemeka.

Njiani akaniuliza, "Mama, mbona uliitika?" Nikamwambia si umeniita? Akaangalia dirishani muda mrefu. "Ile ilikuwa ya kwenye sentensi." Halafu akaegemeza kichwa mkononi kwangu, na hakukiondoa mpaka tunashuka.

Sijawahi kumuuliza tena. Ile programu ilikwisha mwaka uliofuata, sasa hivi ananipita urefu na yuko mbali na nyumbani, na jana nimeshika simu mara mbili nimpigie nimuulize hicho kitu kimoja tu, nikairudisha mezani. Labda hakuniita kweli. Labda ningenyamaza angeikumbuka mwenyewe na leo angekuwa anajua kwamba aliikumbuka mwenyewe. Hilo linaniuma kidogo, nisiseme uongo.

Huyu mdogo akatoka bafuni na taulo, kasimama mlangoni anadai jibu lake.

"Ndiyo, alisahau."

"Akafanyaje sasa?"

"Aliniita."

"Na mimi nikisahau nikuite?"

Nikamwambia lete hiyo karatasi tuanze ubeti wa kwanza.